Sauti ya Pili ya Alfajiri

Jumatatu asubuhi Alfajiri alimwomba mama yake amsogezee sukari, na chini ya ombi hilo ikatoka sauti nyingine, tulivu, iliyosema: "Jikoni. Mawingu kiasi, hakuna upepo. Jike mmoja, mkomavu, karibu na dirisha. Amekasirika."

Mama alisogeza kopo la sukari.

"Sijakasirika," alisema.

"Anakana," ilisema sauti ya pili.

"Koo limeanza kukuuma lini?"

"Haliumi," alisema Alfajiri. Safari hii sauti ya pili haikuongeza kitu.

Mama alimtazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeegesha gari juu ya kivuko cha watu, kisha akaendelea kumenya yai lake. Alikuwa mwalimu wa udereva. Nusu ya maisha yake alikuwa amekikalia kiti cha abiria, ndani ya gari lenye breki pande zote mbili, akiwafundisha watu wazima kurudi nyuma bila kugonga ukuta, na hakuwa mtu wa kushtuka ovyo.

"Kunywa maji ya moto," alisema. "Isipotoka leo, tunakwenda kwa daktari. Usaili ni Alhamisi."

"Najua ni Alhamisi, Mama. Niko sawa."

"Hajalala tangu Ijumaa," ilisema sauti ya pili. "Huzunguka sebuleni, hukaa, huzunguka tena."

"Kumbe ni wewe?" alisema Mama. "Mimi nimetega mtego wa panya."

Alfajiri halikuwa jina lake la cheti. Alipewa na walinzi wa geti la chuo, ambao walimfungulia kila siku kabla jua halijatoka, akiwa amebeba kinasa sauti begani na maikrofoni mbili kwenye mfuko wa kitambaa. Alikuwa msaidizi wa utafiti katika maabara ya tabia za ndege, na kazi yake ilikuwa tiva.

Tiva ni ndege wa ukubwa wa ngumi, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, mpenda vichaka vilivyosongamana. Dume na jike huimba pamoja. Mmoja hutoa mlio kama wa kengele, mwenzake huujibu kabla kengele haijaisha, na mtu aliyesimama njiani anaweza kuapa kwamba amesikia ndege mmoja tu. Vitabu vilisema dume ndiye anayeongoza. Alfajiri alitega maikrofoni moja kila upande wa kichaka, akarekodi msimu baada ya msimu, akagundua kwamba vitabu vimekosea. Anayeanza ni jike. Huanza kwa mlio mfupi, mdogo, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema, na dume huingia juu yake kwa kishindo.

Kila rekodi ilikuwa na tangazo lake. Ndio utaratibu wa watu wa kazi hiyo: kabla ya ndege kusikika, anayerekodi hutaja jina lake, mahali alipo, hali ya hewa na anachokiona, na ndege wakishanyamaza humalizia kwa alichokisikia. Profesa mwenyewe ndiye aliyemfundisha. "Rekodi isiyo na tangazo ni kelele," alikuwa akisema. "Hujui ni nani, hujui ni wapi. Itupe."

Sasa ilikuwa imetangazwa nafasi moja ya shahada ya uzamivu yenye ufadhili kamili, na mada yake ilikuwa nani anaongoza katika wimbo wa tiva. Mkataba wa Alfajiri ulikuwa wa mwezi kwa mwezi, na huu uliokuwa unaendelea ulisemwa kuwa wa mwisho. Baada ya hapo angerudi kutafuta kazi ya kufundisha masomo ya ziada, na tiva wangeimbia watu wengine. Alikuwa na umri ambao watu wanaanza kumuuliza mama yake, kwa kupunguza sauti, binti anafanya nini hasa huko porini.

Ijumaa alifungua rekodi zake kwenye kompyuta ya idara ili ajiandae. Ya kwanza ilianza moja kwa moja na ndege. Ya pili pia. Alizifungua hadi wafagiaji wakamwomba ainue miguu. Hakuna hata moja iliyokuwa na sauti yake. Matangazo yote yalikuwa yamekatwa, kwa usafi, kama kucha. Na kwenye jarida lililokuwa mezani, ukurasa wa kwanza, palikuwa na makala inayosema kwamba anayeanza ni jike, na chini yake palikuwa na jina la Profesa peke yake.

Alikwenda ofisini kwake. Profesa alikuwa mtu mpole, mpenda biskuti, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti.

"Kaa, binti yangu," alisema. "Ndiyo, nilizisafisha. Sauti ya binadamu inachafua uchambuzi. Wewe ni mwanasayansi, unanielewa."

"Na makala, Profesa?"

"Makala ilikuwa na haraka. Ingia kwanza kwenye uzamivu, tutaandika wote mpaka uchoke. Si mimi niliyekuandikia barua ya kukupendekeza? Si mimi nitakayekaa kwenye jopo?" Akamsogezea sahani. "Chukua biskuti."

Alfajiri alichukua biskuti, akasema asante, na wakati huohuo kitu kidogo kikajishika ndani ya kifua chake, chini kabisa ya koo. Kikakaa hapo Jumamosi na Jumapili. Sauti ikikatwa lazima iende mahali. Hii ilirudi kwa mwenyewe.

Jumanne Mama alimpeleka kwa daktari wa koo. Daktari alimmulika, akampiga picha, akaitundika picha kwenye kioo chenye taa.

"Iko hapa," alisema, akiweka kalamu pale ambapo bomba la hewa linagawanyika kwenda kwenye mapafu. "Sisi chombo cha sauti kiko juu. Ndege chao kiko huku chini, ndiyo maana wanaweza kutoa sauti mbili kwa pumzi moja. Binti yako ana cha juu, na sasa ameota na cha chini."

"Kitoe," alisema Mama.

"Ni sauti yake mwenyewe, mama. Mimi sitoi kitu cha mtu kilichorudi kwake."

"Ana usaili Alhamisi."

"Usaili wa nini?"

"Wa ndege."

"Basi atawapita wenzake wote," alisema daktari, akamwandikia dawa ya kikohozi kwa sababu ilibidi aandike kitu.

"Zahanati," ilisema sauti ya pili wakiwa wanatoka, baada ya Alfajiri kumshukuru daktari kwa msaada mkubwa. "Feni inazunguka. Dume mmoja. Hakusaidia."

Daktari aliitikia kwa kichwa na kumwita mgonjwa anayefuata.

Jumatano walifanya mazoezi ndani ya gari. Mama alikuwa na saa mbili zisizo na mwanafunzi, akamweka Alfajiri kwenye usukani na yeye akakaa upande wake wa siku zote, mguu kwenye breki ya mwalimu. Waliizunguka barabara ya nyuma ya uwanja wa mpira, na Mama akawa jopo.

"Kwa nini unaitaka nafasi hii?"

"Kwa sababu ninaipenda sayansi."

"Barabara ya nyuma ya uwanja," ilisema sauti ya pili. "Jua, upepo wa wastani. Jike mchanga. Anaogopa mkataba kuisha."

Mama alikanyaga breki. Gari lililokuwa nyuma lilipiga honi.

"Unaipenda sayansi au unaogopa mkataba kuisha?"

"Vyote viwili, Mama."

Wakasubiri. Kimya.

"Umeona?" alisema Mama. "Ukisema yote, haina kazi. Ukibakisha, inamalizia. Twende. Gia ya pili. Nani aligundua kwamba anayeanza ni jike?"

"Ni kazi ya pamoja, chini ya uongozi wa—"

Mama alikanyaga breki kabla sauti ya pili haijafika. Gari la nyuma likapiga honi tena, ndefu. Mama akatoa kichwa dirishani.

"Ni gari la kujifunzia, baba! Herufi hiyo hapo nyuma unadhani ni pambo? Pita!"

Mwenye gari akapita, akitikisa kichwa. Mama akapandisha kioo.

"Sema ni wewe."

"Nikisema ni mimi, nimemwita Profesa mwizi mbele ya jopo lake mwenyewe. Nafasi imekwenda."

"Usiposema wewe, itasema hiyo."

"Najua."

"Kwa hiyo umebanwa mbele na nyuma."

"Ndiyo maana silali, Mama."

Mama akamwambia aangalie kioo cha pembeni.

Walijaribu njia nyingine. Walijaribu majibu mafupi, lakini sauti ya pili iliyarefusha. Walijaribu kunong'ona, na hapo ikasikika yenyewe zaidi. Alfajiri alijaribu kujibu kwa kichwa tu, na kwa dakika nzima mambo yalikwenda vizuri, mpaka Mama aliposema kwamba usaili wa mtu anayesoma sauti haufanywi kwa kichwa. Mwisho waliegesha gari chini ya taa ya barabarani iliyokuwa bado haijawashwa. Mikono ya Alfajiri ilikuwa imelowesha usukani. Mama akachukua kitambaa cha vumbi, akaufuta, kisha akampa akaushe viganja.

"Wewe nenda," alisema. "Kaa wima. Kule watakuuliza maswali kumi, na tisa hayatamhusu huyo bwana. Huenda hawatafika huko."

"Huyu naye haamini," ilisema sauti ya pili, ingawa hakuna aliyeiuliza, na ingawa hayakuwa maneno ya Alfajiri.

"Siamini," alikubali Mama. "Washa gari."

Alhamisi jopo lilikaa kwenye chumba cha mikutano, ghorofa ya pili. Palikuwa na meza ndefu, chupa za maji zilizopangwa mbele ya kila kiti, na kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha maji kwenye ndoo. Katikati alikaa Mwenyekiti, mtu wa makamo aliyevaa tai yenye vitone. Kulia kwake alikuwa mwanamke kutoka kwa wafadhili, miwani ikining'inia shingoni kwa mnyororo. Kushoto alikuwa Profesa, ambaye alimtabasamulia Alfajiri kama mjomba kwenye mahafali.

"Jisikie nyumbani," alisema Mwenyekiti. "Tueleze kwa kifupi kuhusu uzoefu wako."

Alfajiri alikuwa amelikariri jibu hilo kwa namna isiyobakisha kitu. Alisema alikuwa msaidizi wa utafiti, alisema misimu aliyokaa vichakani, alisema siku aliyoumwa na nyigu na siku aliyolala juu ya majani na kukosa mlio wa kwanza. Sauti ya pili ilinyamaza. Alieleza jinsi ya kutenganisha milio ya ndege wawili wanaoimba kwa pamoja. Ilinyamaza. Aliulizwa kuhusu takwimu, akakiri kwamba takwimu ndizo zinazomsumbua, na jopo likacheka kwa wema. Maswali yalikuwa yanapita moja moja kama magari kwenye makutano, na akaanza kufikiri kwamba huenda atavuka.

Kisha mwanamke wa wafadhili alivaa miwani yake.

"Mradi huu wote umesimama juu ya ugunduzi mmoja," alisema. "Kwamba anayeanza ni jike. Ugunduzi mzuri sana. Wewe ulishiriki vipi?"

Profesa alichukua chupa yake ya maji na kuifungua taratibu.

"Nilibahatika kumsaidia Profesa," alisema Alfajiri.

Na chini yake, kwa utulivu uleule wa siku zote, sauti ya pili ilisema: "Chumba cha mikutano. Kiyoyozi kinavuja. Dume mmoja, mkomavu, upande wa kushoto. Anaimba wimbo alioukuta umeshaanzwa."

Mwenyekiti aliinua kalamu.

"Naomba tusikilizane. Sauti moja moja. Ya juu imemaliza?"

"Imemaliza," alisema Alfajiri.

"Haijamaliza," ilisema ya pili.

"Basi ya chini iendelee," alisema Mwenyekiti.

Sauti ya pili ikaendelea. Ilisoma tangazo la rekodi ya kwanza: jina lote la Alfajiri kama lilivyo kwenye cheti, kichaka cha nyuma ya matangi ya maji, umande, tiva wawili, jike ameanza. Ikasoma la pili. Ikasoma la siku ya mvua, ambalo kwa nyuma yalisikika matone yakigonga mwavuli, na la siku ya nyigu, ambalo lilikatika katikati kwa neno lisilofaa kwenye jopo. Kila moja lilianza na jina lake na kila moja liliishia na maneno yaleyale: jike ameanza. Alfajiri alikaa na mdomo wazi, mikono kwenye magoti. Katikati ya msimu wa pili ililetwa chai. Mwanamke wa wafadhili alikunywa huku anaandika. Profesa alichovya biskuti.

Ilipomaliza, kiyoyozi kilisikika tena.

"Profesa," alisema Mwenyekiti, "una la kuongeza?"

"Ni zenyewe," alisema Profesa. "Nilizikata mimi. Zilikuwa zinachafua grafu. Na tusidanganyane, yeye ndiye aliyegundua. Mimi niliandika."

"Tunakushukuru kwa uwazi wako," alisema Mwenyekiti, na jopo zima likaitikia kwa kichwa, kwa sababu uwazi ni jambo ambalo chuo kilikuwa kinalihimiza mwaka huo.

Alfajiri aliombwa asubiri nje. Kwenye ukumbi palikuwa na benchi na picha za wakuu wa idara waliopita. Alikaa, akasimama, akakaa. Aliangalia simu, akakuta Mama ameandika: *Nimeegesha mahali pabaya. Fanyeni haraka.* Alijaribu kujiambia kwamba hata akikosa, angalau limesemwa. Alilisema kwa sauti, aone. "Angalau limesemwa. Inatosha."

"Haitoshi," ilisema sauti ya pili.

Wakamwita ndani.

"Tumekuelewa vizuri sana," alisema Mwenyekiti. "Na tumeridhika. Tatizo ni moja tu, la kiutaratibu. Ufadhili ni wa mtu mmoja mwenye sauti moja. Wewe unazo mbili. Ya juu ina shahada, barua ya mapendekezo na umri unaotakiwa. Ya chini haina."

"Nimejaribu," alisema mwanamke wa wafadhili, na uso wake ulionyesha kweli amejaribu. "Kanuni haziruhusu."

"Lakini hatukutaka ipotee," alisema Profesa.

"Hatukutaka," alisema Mwenyekiti. "Tumejiuliza ni ya nani. Ilirekodiwa kwa mashine ya idara. Kilichoingia kwenye mashine ya idara ni cha idara. Kikitoka kikaenda kukaa mahali pengine, bado ni cha idara. Ni kama kiti. Mtu akikibeba akaenda nacho kwake, hakiwi kiti chake."

"Ni koo langu," alisema Alfajiri. Chini yake hapakuongezwa neno.

"Koo ni lako," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Hilo hatuligusi."

Mpango ulikuwa hivi. Nafasi anapewa Alfajiri, sauti ya juu, miaka yote minne. Sauti ya chini inaandikishwa kuwa kifaa cha maabara, chini ya mradi wa Profesa, na itachunguzwa, kwa sababu binadamu mwenye sauti mbili kwa pumzi moja hajawahi kuandikwa popote. Profesa alikuwa ameshafikiria kichwa cha makala. Makala ya zamani itabaki ilivyo, kwa kuwa imeshachapwa.

"Unakubali?" aliuliza Mwenyekiti. "Kuna mwingine anasubiri."

Alfajiri alifikiria mkataba wa mwisho wa mwezi. Alifikiria masomo ya ziada, watoto wa watu wakipiga miayo juu ya jedwali la elementi. Alifikiria kichaka cha nyuma ya matangi kabla jua halijatoka, na ule mlio mdogo wa kusafisha koo ambao watu wote wa dunia walikuwa wameupita bila kuusikia mpaka yeye alipokaa chini na kunyamaza.

"Nakubali," alisema.

Wote wanne walisubiri sauti ya pili. Mwanamke wa wafadhili alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi. Maji yalidondoka kwenye ndoo. Hakikutoka kitu, kwa sababu alikuwa amekubali kweli.

"Hongera sana," alisema Profesa, naye alimaanisha.

Mtu wa stoo alikuja na kikopo cha rangi nyeupe na brashi nyembamba. Alikuwa amevaa koti la kijivu, na alimwomba Alfajiri avute kola pembeni kidogo.

"Samahani, dada, ni ya baridi," alisema, akamwandikia namba chini ya mfupa wa bega, kwa mwandiko uleule uliokuwa kwenye viti, meza na darubini za idara. Akaipuliza ikauke. "Inatoka asubuhi kwa saini, inarudi kabla sijafunga. Ijumaa nafunga mapema. Usinicheleweshe, maana lawama zote huwa zangu."

"Inarudi vipi?"

"Unakohoa tu," alisema mtu wa stoo. "Nina kasha la hedifoni lenye sponji. Itaenea humo."

Kwa siku hiyo alimruhusu aende nayo, kwa kuwa kasha lilikuwa bado limeazimwa na mtafiti wa popo.

Mama alikuwa kwenye gari, nusu ya gari ikiwa juu ya nyasi za chuo, akibishana na mlinzi. Alipomwona Alfajiri aliuacha ubishi katikati.

"Nimepata, Mama."

"Hiyo nini?"

"Nimepata nafasi."

"Sijauliza nafasi. Hiyo nyeupe hapo nini?"

Alfajiri alieleza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. Kisha akafungua buti, akatoa kitambaa, akakilowesha petroli, akasugua. Ngozi ilikuwa nyekundu pande zote za namba, na namba ikabaki nyeupe vilevile.

"Wametumia rangi ya nini hawa?"

"Ya viti."

"Ngoja niende juu."

"Mama, nimekubali."

Mama alisimama na kitambaa mkononi. Alimtazama binti yake usoni, kisha akatazama chini kidogo, pale palipoandikwa namba, kama mtu anayezungumza na wawili.

"Maegesho ya chuo," ilisema sauti ya pili. "Jua kali. Majike wawili na mlinzi. Mmoja amekubali. Mwingine anataka kupigana."

"Mwambie huyo mmoja apande gari," alisema Mama. "Petroli inawasha, tukaioshe."

Mlinzi aliwafungulia geti na kumpongeza Alfajiri. Habari zilikuwa zimeshafika.

Kazi ilianza. Asubuhi Alfajiri aliweka saini dirishani, akapokea kasha, akavuta pumzi juu ya sponji, akaenda kichakani akiwa na sauti mbili. Profesa alikuja baada ya kifungua kinywa, akaketi kwenye kiti cha kukunja, akataja jina lake mbele ya kinasa sauti, mahali, hali ya hewa, kisha akampa ishara. Alfajiri alifumbua mdomo. Tiva jike wa nyuma ya matangi alikuwa wa kwanza kumjibu, kisha yule wa uwanjani, na kufikia msimu wa mvua sauti ya chini ilikuwa inaanza nyimbo ambazo hakuna dume wa eneo lile aliyethubutu kuziingilia. Matokeo yalikuwa mazuri sana. Wageni walikuja kusikiliza. Jioni alikohoa mara moja kwenye dirisha la stoo, zipu ikafungwa, akaenda nyumbani.

Nyumbani mambo yalikuwa matulivu kuliko zamani. Alilala vizuri. Aliomba chumvi, akapewa chumvi. Mama alikuwa ameongeza wanafunzi, na jioni alikuwa na tabia ya kuuliza maswali mengi, moja baada ya jingine, huku akijifanya ana shughuli.

Siku ambayo makala ya pili ilitoka, alikuwa anapiga pasi blauzi zake za kazi.

"Profesa hajambo?"

"Hajambo, Mama."

"Anakuheshimu?"

"Ananiheshimu sana."

Mama aliinua pasi, akasubiri kidogo, akairudisha kwenye kola.

"Na hiyo makala? Jina lako lipo?"

"Lipo."

Mama aliinua pasi tena. Mvuke ulipanda kati yao. Alisubiri muda mrefu zaidi safari hii, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama mtu anayesikiliza injini.

"Mbele au nyuma?"

"Mbele, Mama. Tumeandika wote."

Kasha lilikuwa limefungwa zipu, kule stoo. Mama alisubiri mpaka pasi ikaanza kudondosha maji juu ya blauzi.

"Hongera, mwanangu," alisema, kisha akasubiri tena.